Kisigino cha Shani

Juzi usiku kitindamimba wangu alinikwamisha. Tulikuwa tumemaliza ile ngano ya ndugu sita waliogeuzwa mabatamaji, iliyochapishwa na ndugu wa Grimm mwaka 1812. Dada yao anakaa miaka sita bila kusema wala kucheka, anashona mashati sita ya maua ya nyota, siku ya mwisho anawarushia. Wote wanarudi kuwa watu. Mdogo wao tu ndiye anayepungukiwa: shati lake halikuwahi kushonwa mkono wa kushoto, basi naye anakosa mkono huo, anabaki na bawa mgongoni. Nikafunga kitabu, nikazima taa. Sauti ikatoka gizani:

"Mama, yule wa bawa, shati anavaaje?"

Nikamwambia alale. Aliyekosa usingizi ni mimi, maana swali hilo niliwahi kuulizwa miaka 16 iliyopita, kwa maneno mengine, mbele ya mswada wa kurasa 412, na siku hiyo pia sikuwa na jibu.

Shani ni binti wa riwaya yangu, anayegeuzwa fisi. Mnayemjua ninyi ni yule wa kitabuni. Wa kwenye mswada alikuwa mwingine. Sura zilikuwa 31. Sura ya 6 anageuzwa fisi, sura ya 30 anarudi kuwa mtu. Kurudi kwenyewe kulichukua ukurasa mmoja na nusu. Mwezi unapatwa, mto unameta, manyoya yanapukutika, kisha Shani anasimama "mtu kamili, kana kwamba hakuna kilichotokea." Sentensi hiyo niliiandika huku nalia. Nilidhani machozi ni ushahidi.

Mhariri niliyepangiwa alikuwa mama wa makamo, aliyefundisha elimu ya viumbe kabla ya kuhamia kwenye vitabu. Katika sura kumi za mwanzo alikuwa ameweka alama moja tu ya vema, pembeni mwa sentensi inayotaja kinyesi cha fisi kuwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayoitafuna. Alama nyingine zote zilikuwa za kuuliza. Alifungua sura ya 9, akaweka ncha ya penseli chini ya maneno "magoti yake ya nyuma yakakunjika kinyumenyume."

"Hiki nini?"

"Magoti, mama."

"Hilo si goti, mwanangu. Hicho ni kisigino."

Akanichorea nyuma ya ukurasa wangu mwenyewe. Fisi, kama mbwa na chui, hutembea kwa vidole. Goti lake liko juu, limejificha karibu na tumbo, na hukunjika kuelekea mbele kama langu na lako. Kile ambacho macho yetu yanakiona kuwa goti lililogeuka ni kisigino kilichoinuliwa, ambacho akitembea hakigusi ardhi. Na ile inayofanana na muundi, kati ya kisigino na vidole, ni unyayo uliorefuka ukasimama.

"Simama," akasema. "Vua viatu. Nenda dirishani kwa vidole, urudi. Kisigino kikigusa chini unaanza upya."

Nilidhani anatania. Akaanza kuchonga penseli.

Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi, na kati ya meza yake na dirisha kulikuwa na mabunda ya karatasi yaliyoacha njia nyembamba ya mtu mmoja. Safari ya kwanza ilikuwa mchezo wa kitoto. Ya pili nikagundua kwamba kichwa kimetangulia na kiuno kimebaki nyuma, kwa sababu mwili ukisimama juu ya vidole hutafuta kuanguka mbele. Ya tatu mashavu ya miguu yakaanza kutetemeka, kwanza la kulia, halafu yote mawili, mtetemo mdogo wa haraka kama wa kifuniko cha sufuria inayochemka. Hapo ndipo nilipoiona mikono yangu. Sikuiinua mimi. Ilikuwa imejiinua yenyewe mbele ya kifua, viganja vikitazama chini, vidole vimekunjwa nusu, kama miguu mingine miwili inayoulizia ardhi iko wapi. Nikataka kumwambia, nikaogopa kuvunja mizani. Safari ya nne, hatua tatu kabla ya meza, kisigino cha kushoto kikadondoka. Kilipiga sakafu kwa kishindo ambacho sikukitegemea, na maumivu yakapanda kwenye kano mpaka nyuma ya goti. Goti la kweli, hilo.

"Ngapi?" akauliza bila kuinua uso.

"Tatu na ushei."

"Huyu wako katembea hivyo miaka minne. Siku anarudi mtu, kisigino kinafika chini?"

Sikujibu, nilikuwa nasugua mguu. Jibu lilikuwa linanisumbua mkononi. Kano inayoshika kisigino hufupika ikiachwa muda mrefu katika mkao huo. Hata mtu aliyezoea viatu vya visigino virefu kwa miaka hupata tabu kutembea pekupeku mahali tambarare. Mpe Shani mwili wake wote, ngozi, nywele, sauti, na bado atasimama mbele ya watu wake juu ya vidole. Akijaribu kushusha visigino ataanguka chali.

Yaliyofuata nayapitia haraka, yalichukua majuma na hayakuwa na uzuri wowote.

Kwanza, mikono. Kiswahili hakikusaidii katika mgeuko. Mtu ni yule, fisi ni yule. Mtu anakuja, fisi anakuja. Kwa hiyo ukimgeuza mtu mnyama, sarufi haimwambii msomaji lolote, na baada ya kurasa tatu keshasahau kwamba mhusika ana manyoya. Kinachomkumbusha ni nomino za mwili na vitenzi vya mwili, basi. Mhariri alinihesabia neno "mkono" katika sura za ufisi: mara 19. Shani alikuwa fisi aliyekuwa akiokota vitu. Nilizifuta zote, nikaweka mguu wa mbele, taya, pua, bega, na kila nilipokwama ilikuwa kwa sababu tendo lenyewe halimwezekani mnyama, likaondoka nalo. Faida yake niliiona mwishoni. Neno "mkono" liliporudi sura ya 30, baada ya kutoweka kurasa zaidi ya 250, lilisikika kama mlango.

Pili, jedwali. Alinipigia mistari kwenye karatasi kubwa. Upande wa kushoto vitu: pua, taya, masikio, sauti, usiku, cheo, kisigino. Kisha safu nne: kimeonekana sura gani, kimemfaa wapi, kimemgharimu wapi, mwisho wake. Safu ya mwisho iliruhusiwa maneno matatu tu: kimerudi, kimelipwa, kimebaki. Na "kimebaki" isizidi mara mbili. Ikizidi, msomaji huanza kuhesabu mabaki kama mizigo ya abiria, na hakuna hata moja linalomuuma.

Mimi nilitaka macho yabaki yaking'aa gizani. Alicheka. Hayo ni mapambo, akasema, hayamzuii kufanya chochote. Nikataka pua ibaki. Hiyo akaikataa kwa ukali zaidi: mtu anayerudi kwao akiwa na pua ya fisi karudi na zaidi ya alichoondoka nacho, na hapo mgeuko unakuwa zawadi na miaka minne inakuwa safari ya kununua vitu. Baki la kweli, kwake, ni lile linalomgharimu mhusika siku ya kawaida, anapochota maji au kupanda ngazi, mbali na vita. Na lazima lipandwe kabla ya katikati ya kitabu. Kisigino kilikuwa hakionekani popote kwangu. Ilibidi nirudi sura ya 7, usiku wa kwanza, nimwandike Shani akijaribu kusimama wima kama mtu na kuanguka kinyumenyume. Mto wa dawa, ule wa kumrudisha kuwa mtu, nao ulikuwa unazuka sura ya 29, hakuna aliyewahi kuusikia. Akanipeleka kwa Apuleius, mwandishi wa Kirumi wa kale: yule kijana aliyegeuka punda anaambiwa dawa yake, kula mawaridi, kitabu cha tatu, na hayafikii mpaka cha kumi na moja. Nikauhamishia mto wangu sura ya 11 na kumfanya Shani aupite mara mbili bila kuweza kuvuka.

Tatu, cheo, na hapa nilikuwa nimekosea kabisa. Nilimwandika akipokelewa na kundi la fisi usiku mmoja. Kwa fisi madoa, majike ndio wanaotawala, na binti hurithi nafasi ya mama yake. Wageni wanaohamia huwa kwa kawaida ni madume. Jike mgeni asiye na mama pale ni wa kufukuzwa. Ikanibidi niandike sura tatu mpya za kula mwisho: ngozi kavu, pembe, damu iliyoganda kwenye majani. Ilipofika sura ya 25 nafasi yake ya kundini alikuwa ameipata mfupa kwa mfupa, na ghafla ule mto wa dawa ukaacha kunivutia. Kule alikuwa mtu wa tano kwa amri. Kwao alikuwa binti asiyeulizwa shauri.

Nikaanza kushawishika kumwacha fisi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, ana maongezi ambamo mmoja wa Wagiriki waliogeuzwa nguruwe na mchawi Circe anaulizwa na shujaa Odysseus kama anataka kurudishwa, na anakataa, kwa hoja, moja baada ya nyingine, mpaka unaona aibu kuwa na miguu miwili. Nilimpelekea mhariri hayo kama ushindi. Akasema nguruwe yule anayo hoja lakini hana nyumbani kunakomngoja mtu. "Shani unaye bibi yake, sura ya 24. Umemsahau?"

Nilikuwa sijamsahau, ila nilikuwa sijamsoma. Hili nililiona mwenyewe, usiku, na mpaka leo najivunia kidogo. Kijiji kizima katika mswada wangu kilimwita Shani "jifisi": jifisi lile limekuja, lipigeni, litamla mtoto. Niliyaandika hivyo bila kufikiri, kwa sababu ndivyo watu waoga wanavyosema. Sura ya 24 bibi yake, ambaye macho yameshazima, anasikia mlio nje. Mlio wa kuita wa fisi husikika hata kilomita 5, na kila fisi ana wake. Vijana wanachukua mikuki. Bibi anasema, "Mwacheni huyo. Ana njaa."

Huyo. Hakusema "liacheni hilo."

Kumbe kumrudisha kulikuwa kumeshafanyika, kurasa 80 kabla ya mwezi kupatwa, kwa kiambishi. Nilipoliona hilo sikujua tena ukurasa wangu mmoja na nusu unatafuta nini. Kama utu wake ulirudi pale penye "huyo", basi mwili wa mtu ni kitu gani cha ziada? Na kama si cha ziada, bibi alimpa nini?

Sikulitatua. Nilifuta mwezi, nikafuta "mtu kamili". Nikamrudishia ngozi na mkono, kisigino nikakiacha juu. Kwenye kitabu mnamwona akisimama kisimani akiwa ameegemea ukuta, akishuka ngazi kwa kinyumenyume, akilala na gunia la mchanga miguuni ili kano ivutike, kila usiku, bila kuambiwa kama kilifika chini. Mhariri aliweka alama ya vema kwenye gunia. Kuhusu mwisho wenyewe alisema tu, "Unaweza kusimama nao," na sikujua kama ni sifa au ni utani wa vidole.

Wasomaji hawajanisamehe mpaka leo. Wapo wanaoniambia nimewadhulumu, kwamba mtu akivumilia sura 24 za manyoya anastahili kuona mwenzake amepona. Wapo wanaosema ningemwacha kwa fisi wenzake alikokuwa na cheo. Mmoja aliniandikia kwamba mguu wake haujawahi kufika chini tangu azaliwe, na kwamba alipofika kisimani aliweka kitabu kando kwa siku mbili, hakusema kwa furaha au kwa hasira. Barua yake ninayo. Nimeianza kuijibu mara nyingi.

Asubuhi kitindamimba hakuwa amesahau. Tukakaa na penseli. Nilimwambia mabawa ya batamaji mkubwa yakitandazwa huzidi mita 2, kwa hiyo bawa moja ni la karibu mita nzima, karibu urefu wake yeye. Akanyoosha mkono, akapima, akaridhika. Tukachora shati. Tukaondoa mkono wa kushoto, tukaachanisha mshono wa begani, tukashusha mpasuo ubavuni kutoka kwapani hadi pindo, tukaweka vifungo saba mgongoni chini ya bawa.

"Nani anamfunga?" akauliza.

"Dada yake."

"Dada yake kaolewa. Na huku nyuma mkono mmoja haufiki." Akajaribu mwenyewe, wa kushoto kaubana kwenye kiuno, wa kulia unahangaika mgongoni. Haukufika.

Akachukua kifutio, akaanza kuvihamishia mbele, kimoja kimoja.