Zambarau imefifia!

Jamani, leo nina furaha mno. Mwani wa kijani tuliouchota Bwawa la Hombolo umetupa majibu maabara: una antioksidanti, yaani kemikali zinazosaidia kukinga seli zisiharibiwe.

Kazi kubwa iko kwenye kukausha. Jua la Dodoma linashawishi, ila mwanga mkali na joto huharibu karotenoidi, rangi za asili za njano na chungwa ambazo ni antioksidanti, na hizo ndizo tunazozitafuta. Tunauanika kivulini penye upepo, tunausaga, kisha tunauloweka kwenye ethanoli yenye maji, chupa ikiwa imefunikwa isipate mwanga. Methanoli nayo inakamua vizuri, lakini ni sumu, na mimi nataka kitu ambacho siku moja kitaingia kwenye chakula.

Halafu unachuja, unatia kwenye DPPH, kemikali ya zambarau iliyokolea. Antioksidanti zikiwemo, rangi inageuka kuelekea njano, na kipimo cha mwanga kwenye nanomita 517 kinakuonyesha imepungua kiasi gani. (Dondoo lenyewe, yaani kimiminika ulichochuja, lina rangi, kwa hiyo lipimwe pia peke yake, la sivyo hesabu inapotoka.)

Na ndugu zangu mnaouliza kama mnywe maji ya kijani ya bwawani: hapana, tafadhali! Baadhi ya bakteria wa kijani-bluu wanaofanana na mwani, kama Microcystis, hutoa sumu inayoshambulia ini. Sisi huanza na hadubini, tuone ni aina gani tumechota.