Walimchagua mara tatu: Julian Bond na kile kiti cha Georgia

Huku jimbo la Georgia, Marekani, ukimtaja Julian Bond wengi wanamkumbuka kama mzee wa NAACP, lile shirika kongwe la kutetea haki za weusi, yule wa suti safi na sauti tulivu kwenye tivi, na ni kweli alikuwa mwenyekiti wao kuanzia 1998 mpaka 2010. Lakini Bond ninayempenda mimi ni yule kijana wa miaka 25 aliyegombea ubunge wa jimbo, sio Kongresi, sio Washington, bunge la hapa hapa Atlanta kwenye ile nyumba ya kuba la dhahabu, akashinda vizuri kabisa, alafu wakakataa kumwapisha.

Kwa wenzangu mlio nyumbani, kila jimbo la Marekani lina gavana wake na bunge lake, na karibu yote yana vyumba viwili, baraza la wawakilishi na seneti. Msilifananishe na kaunti asembli zetu manake hawa wana nguvu sana: sheria za jinai ni zao, adhabu ya kifo iwepo au isiwepo ni wao, na mipaka ya maeneo ya kura ya Kongresi, bunge la taifa, kwenye majimbo mengi wanaichora wao wenyewe. Kwa hiyo nani anaingia mle ndani sio jambo dogo.

Sasa 1965 mahakama zilikuwa zishaamuru Georgia igawe viti upya kufuata idadi ya watu, manake kwa miaka mingi vikaunti vidogo vya mashambani vilikuwa na uzito kuliko mji mzima wa Atlanta. Viti vipya vikaja mjini, ukaitishwa uchaguzi, na Bond akajitosa eneo la 136, mitaa ya watu weusi. Alikuwa ndiye mshika habari wa SNCC, lile kundi la wanafunzi walioanza kwa kwenda kukaa kwenye migahawa iliyokataza weusi na kugoma kutoka. (Wakenya mtapenda hii: Desemba 1963, siku chache tu baada ya sisi kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alipita Atlanta, vijana wa SNCC wakaenda hotelini kumwamkia na kumwimbia, walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa, wakanyimwa, wakagoma kutoka, wakakamatwa. Wimbo ukatungwa wenye jina la Jaramogi.)

Kampeni yake ilikuwa ya miguu. Nyumba hadi nyumba, anauliza watu wanataka nini, na wengi walitaka mambo ya mkono kwenda kinywani, ndo maana akasimama na ajenda ya mshahara wa chini wa dola 2 kwa saa. Akapata zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Alafu ikaja Januari 1966. Tarehe 3, kijana wa SNCC aitwaye Sammy Younge, mtu aliyewahi kutumikia jeshi la majini, akapigwa risasi akafa Tuskegee, Alabama, kisa alitaka kutumia choo cha wazungu kwenye stesheni ya petroli. Tarehe 6 SNCC ikatoa taarifa ya kupinga vita vya Vietnam, na ndani yake wakasema waziwazi kwamba kifo cha Younge na vifo vya wakulima kule Vietnam havina tofauti, na kwamba wanawaunga mkono vijana wasiotaka kwenda vitani. Ripota wa redio akampigia Bond simu, unakubaliana na hii? Akasema nakubaliana. Angeweza kukwepa jamani, zilikuwa zimebaki siku nne tu aapishwe. Hakukwepa.

Tarehe 10 wabunge wakakusanyika. Karani akamwambia Bond asimame kando kwanza wenzake waapishwe. Hebu fikiria hapo, weusi wenzake waliochaguliwa naye wamesimama mikono juu wanakula kiapo na yeye yuko pembeni anatazama. Baadaye wakamweka mbele ya kamati, wakachezesha ile kanda ya mahojiano ya redio, wakamhoji kuhusu wale wanaochoma kadi zao za jeshi, zile za kusajiliwa kwa ajili ya kuitwa vitani. Akajibu kwamba anavutiwa na ujasiri wao manake wanajua kitakachowapata, lakini yeye hajawahi kumshauri mtu yeyote achome kadi, na ya kwake iko mfukoni, akitakiwa aitoe ataitoa. Jibu hilo nimelisoma mara nyingi na kila mara namwona akiwa ameketi pale, kijana mwembamba, na ile kadi kwenye mfuko wa koti. Ikapigwa kura: 184 wakasema asiapishwe, 12 wakasema aapishwe. Sababu yao, eti mtu wa maneno yale hawezi kuapa kwa moyo mmoja kuilinda katiba.

Mambo yakaishia mahakamani, na watu hapa husimulia habari za majaji, ila mimi naona wanaanzia pabaya. Waanze na wapiga kura wa 136. Kiti kikatangazwa kiko wazi, Februari ukafanyika uchaguzi mdogo, wakamchagua Bond. Kamati ikamwita tena, ikataka aifute kauli yake, akakataa, wakamfungia mlango tena. Novemba ukaja uchaguzi wa kawaida, wakamchagua Bond. Mwaka mzima watu hawa hawana mwakilishi, wangeweza kabisa kusema huyu kijana ametuletea balaa tutafute mwingine atakayeapishwa bila kelele, na hakuna ambaye angewalaumu. Hata ile kesi mahakamani hakuenda peke yake, wakaazi wa eneo lake walijiunga naye kama wapiga kura walionyimwa mtu wao, na mmoja wao alikuwa Martin Luther King, kwa sababu na yeye alikuwa akikaa humo humo.

Mahakama ya kwanza ilimwangusha, majaji wawili kwa mmoja. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamrudishia haki yake, majaji wote tisa, hukumu ikaandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Georgia ilijitetea kwamba mbunge apimwe uaminifu kwa kipimo kikali kuliko raia wa kawaida. Warren akasema hapana, mbunge ndiye hasa anapaswa kuwa na uhuru mpana wa kusema kuhusu sera, ili waliomchagua wamjue na wawakilishwe sawasawa. Januari 1967 akala kiapo. Kesi inaitwa Bond na Floyd, huyo Floyd akiwa mbunge James "Sloppy" Floyd, mmoja wa waliompinga, na yale majengo mawili marefu ya ofisi za serikali ng'ambo ya bunge mpaka leo yana jina la Floyd. Nikipita pale inaniuma, nasema tu ukweli.

1968 alijulikana nchi nzima, kule Chicago kwenye mkutano wa Democrats wakamtaja awe mgombea wa makamu wa rais, akajiondoa kwa kuwa katiba inataka miaka 35 na yeye alikuwa na 28. Mi hiyo sio iliyonivutia. Kilichonivutia ni ile miaka 20 aliyokaa bungeni Atlanta, barazani hadi 1975 kisha seneti hadi 1987, mwanzoni wenzake hawamsalimii, na bado akasukuma miswada ya mikopo nafuu ya nyumba na ya kupima selimundu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua huo ugonjwa unavyomaliza watoto. Mtu aliyezuiwa mlangoni akaingia kufanya kazi ya namna hiyo, hiyo ndo siasa ninayoielewa.

Mipaka nayo aliipigania. Mwanzoni mwa miaka ya 80 bunge lilipochora upya maeneo ya Kongresi, Bond akiwa seneta alitaka eneo la tano la Atlanta liwe na weusi wengi vya kutosha kumchagua wanayemtaka, bunge likakataa, mambo yakaenda mahakamani na mahakama ikaona kulikuwa na nia ya kibaguzi, ikabidi lichorwe upya. 1986 kiti kikawa wazi, Bond akaacha seneti akakigombea, na aliyemkabili alikuwa rafiki yake wa tangu ujana wa SNCC, John Lewis. Kampeni ilikuwa chungu sana. Weusi wengi walimpa Bond, wazungu wengi wakampa Lewis, na Lewis akapita kwa tofauti ndogo, takriban 52 kwa 48, akakaa kwenye kiti hicho mpaka alipofariki 2020.

Mi ningempigia Bond. Lakini Lewis nae alikuwa mtu wa maana, na waliomchagua walikuwa na haki ile ile ya watu wa 136. Bond hakushika tena kiti cha kuchaguliwa na wananchi, akaenda kufundisha historia ya harakati zile chuo kikuu cha Virginia, kwa wanafunzi ambao 1966 hawakuwa hata wamezaliwa.