Ouarzazate, mji unaoishi kwa filamu

Jamani, Ouarzazate nimefika! Ni kusini mwa Moroko, ng'ambo ya milima ya Atlas, na hapa filamu ni ajira kama ilivyo bandari kwa watu wa Mombasa. Studio za Atlas zipo tangu 1983. Nimegonga nguzo ya hekalu la mafarao kwa kidole: ko, ko, ko, tupu ndani! Plasta na rangi, ukizunguka nyuma unakuta mbao zimeegemezwa. Mwendo mfupi tu, umeshahama Misri uko kwenye nyumba ya watawa wa Tibet.

Dereva wangu wa teksi ameshakuwa askari wa Kirumi, mtumwa, na mtu wa kujaza soko. Ndevu zake hazinyolewi ovyo. "Ukinyoa, umejifukuza kazi," kaniambia, huku akizichana kwa vidole kwenye kioo.

Ila kuna kitu kinanikereketa. Jangwa hili limeigiza karibu kila nchi ya kale, lakini Moroko yenyewe kwenye hizo filamu kubwa huioni sana.

Kesho ni Ait Benhaddou, ile ngome ya udongo iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 1987. Dereva kashauliza kama nitakuwepo wiki ijayo, eti wanatafuta watu warefu. Nauliza malipo kwanza 😂