Vikapu 12 vya kiporo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Yohana 6:12. "Nao waliposhiba, aliwaambia wanafunzi wake, Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu cho chote."

Sura hii tumehubiriwa mara nyingi, na mahubiri karibu yote huishia watu wakishashiba. Mikate 5 ya shayiri, samaki 2, wanaume wapata 5,000, Amina, tunasimama kuimba. Wiki hii mimi nimekwama kwenye mstari unaofuata shibe. Aliyetoka kulisha umati kwa chakula cha mtoto mmoja hakuwa na wasiwasi wa kesho watakula nini. Angetaka, angefanya tena. Lakini anawatuma wanafunzi wake wainame kwenye majani waokote vipande. Waandishi wote wanne wa Injili wanasema vipande viliokotwa. Yohana peke yake ndiye anayetuambia kwamba Yesu mwenyewe aliagiza, na kwa sababu gani. Vikajaa vikapu 12. Kwa Kiswahili cha nyumbani, kiporo.

Nakiri mbele yenu. Miezi kadhaa iliyopita, Jumapili ile niliyokuwa na wageni, nilimwaga wali nusu sufuria. Friji ilikuwa imejaa, miguu inauma, na sikutaka kuuona tena ule wali. Nikaufunga kwenye kiroba cha taka nikauweka getini. Binti yangu wa miaka 8, ambaye asubuhi hiyo shule ya Jumapili walifundishwa habari hii hii, akanitazama na kuuliza: "Mama, hicho ni kikapu cha ngapi?" Baba yake akaingia ndani haraka ili nisimwone anacheka.

Na mimi sikulelewa hivyo. Nimekulia Machame, Kilimanjaro, kwenye kihamba cha bibi, yaani shamba linalozunguka nyumba. Mnaotoka Uchagani mnapajua palivyo: juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage, kila kimoja kimepata mahali pake bila kumnyima mwenzake. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe na mbuzi waliofungiwa zizini. Majani makavu ya mgomba wakatandikiwa walalie. Samadi ikarudi kwenye shina la mgomba uleule uliotoa ndizi. Kwa bibi sikumbuki kusikia neno "taka". Kulikuwa na "ya mbuzi", "ya kuku" na "ya migombani", basi. Mwaka 2011 FAO, lile Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mfumo huu wa kihamba, ule wa Shimbwe Juu huko Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Bibi angeambiwa angeuliza kwani walifikiri watu wanalimaje.

Halafu nikaja Dar es Salaam, nikapanga, na uwani kwangu ni hatua sita kwa nne, sementi tupu. Miaka mingi niliona hiyo ni sababu ya kutosha. Wali ule ndio ulionitoa.

Tulianza na viroba vya mchele vya kilo 50. Unachukua kopo lililotolewa kitako, unalisimamisha katikati ya kiroba, unalijaza kokoto, pembeni unajaza udongo na samadi, kisha unalivuta kopo juu kidogo na kurudia mpaka kiroba kijae. Kokoto zile zinabaki kama nguzo, maji yanashuka nazo mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu na kupandikiza mchicha na chainizi. Matembele hayadai hata mbegu: nunua fungu sokoni, majani pika, vikonyo chomeka. Nilipoona vikonyo vile vimeshika mizizi nilikaa kwenye kigoda nikavitazama kama mtu aliyepokea barua. Ni vilevile nilivyokuwa navitupa kila wiki. Kumwagilia tunatumia maji yaliyooshea mchele na mboga.

Mboji ndiyo iliyotuaibisha. Nilijaza maganda kwenye ndoo kubwa iliyopasuka, nikafunika, nikajisifu. Wiki ya pili kukawa na inzi, funza, na harufu iliyomtoa mama mwenye nyumba kwake mpaka mlangoni kwangu kuuliza kama kuna kitu kimekufa. Kosa lilikuwa maganda mabichi matupu, maji tele, hewa hakuna. Fundi seremala wa mtaani akanipa maranda, nikaongeza majani makavu niliyofagia chini ya mwembe wa jirani. Sasa kila konzi ya maganda naifunika kwa konzi mbili za vitu vikavu, naweka maganda ya mayai na majani ya chai, siweki nyama wala mafuta maana panya wa Dar hawahitaji mwaliko, na nageuza kila wiki. Ukiishika iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, isidondoshe maji. Baada ya miezi mitatu hivi hutambui tena ganda lilikuwa lipi. Inanukia kama ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza.

Niseme na hili, ingawa litawaudhi wachache. Sipendi tunapokwenda kuwahubiria watu wa hali ya chini habari za kutunza mazingira. Chupa ya plastiki ikifika kwa mama lishe inahudumu miaka: mafuta ya kula, kisha mafuta ya taa, kisha sabuni ya maji, mwisho inakatwa kuwa kata. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hapa kwetu tarehe 1 Juni 2019, mimi niliyelalamika nilikuwa na gari. Mama anayeniuzia nyanya alikuwa na kikapu chake cha ukili siku zote. Wenye kumwaga wali ni sisi wenye friji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jumanne jioni nilikuwa nageuza mboji huku nasikiliza Biblia kwenye simu, sura ileile. Ikafika mstari wa 39: "Na mapenzi yake aliyenipeleka ni haya, ya kwamba katika wote alionipa nisimpoteze hata mmoja." Kisipotee. Nisimpoteze. Sura moja, Bwana mmoja. Nilimpigia mchungaji kumuuliza kama ni Kiswahili tu kimegongana, akaniambia hata Kigiriki kimetumia kitenzi kilekile mahali pote pawili. Nikamshukuru, nikakata simu, nikabaki na koleo mkononi.

Wengi wenu mnamjua mdogo wangu, mlimwombea hapa jumuiyani. Alikaa kwangu miaka miwili. Aliuza mtungi wangu wa gesi, hela akazipeleka kwenye mikeka ya kubashiri mpira. Nilipowaeleza nilisema "aliondoka". Hakuondoka. Begi lake nililitoa mimi, usiku, nikaliweka getini. Palepale.

Kwetu Uchagani mtu akikosa, hukata isale, lile jani refu linalopandwa mipakani, akalipeleka kwa aliyemkosea. Hata maneno yakikosekana, isale linaomba, na ni vigumu sana mtu kulikataa. Nina isale kwenye kopo hapa uwani, kipande nilichokata kihambani kwa bibi Krismasi moja. Miezi 14 nimelimwagilia nikisubiri mdogo wangu aje na la kwake, maana mtungi ulikuwa wangu na aliyekosewa ni mimi.

Jumatano nikalikata. Nikapanda daladala hadi Mbagala, anakoosha magari. Aliponiona na lile jani alianza kucheka, kisha hakucheka tena. "Dada, hili si lilitakiwa litoke kwangu?" Nikamwambia la kwake atalileta akiwa tayari, hili ni langu, la begi. Hatukuongea mengi. Alikuwa na gari la mtu limejaa povu na mwenye gari amesimama. Jani alilichomeka mfukoni mwa nyuma, akaendelea na kazi.

Msidhani amerudi. Hajarudi, mtungi haujalipwa, na mikeka sijui kama ameacha, sikumuuliza. Ila jana Alhamisi, saa nne asubuhi, alipita. Alifunua ndoo ya mboji, akachungulia, akasema nimesahau majivu, bibi alikuwa hakosi kutia majivu kidogo. Kulikuwa na kiporo cha wali na maharage ya juzi usiku. Nikampashia, akala amesimama mlango wa jikoni huku binti yangu anamwonyesha viroba kimoja kimoja, na sufuria akaikomba mpaka ukoko.

Kesho Jumamosi jumuiya ni kwangu, saa 12 asubuhi. Tutasoma Yohana 6 kuanzia mstari wa 1 hadi wa 40, kwa hiyo njooni na Biblia. Mwenye maganda jikoni kwake ayalete, lakini ayakatekate kwanza.