Sahani ya kulia chakula au ya ukutani

Nilidhani ikifika katikati ya wiki nitakuwa nimesahau. Leo Ijumaa na bado namsikia yule mzee wa gulioni aliyeniuzia sahani.

Sahani yenyewe ni ya mtindo uitwao Zambesi. Mnaolijua kabati langu mnajua nilivyoihangaikia: ile ndefu ya kupakulia, mistari myeusi ya pundamilia juu ya weupe. Jessie Tait aliibuni mwaka 1956 katika kiwanda cha vyombo cha Midwinter, huku Burslem, Uingereza, kabla hajatimiza miaka 30, na mistari ile wanawake wapakaji rangi waliichora kwa mkono, chombo kimoja kimoja. Ndiyo maana hakuna sahani mbili zinazofanana sawasawa.

Mzee alikuwa akiifunga kwa gazeti. Akauliza, "Utapakulia nini humu?"

"Nitaitundika ukutani."

Mikono yake ikasita. "Mama yangu alikuwa mpakaji rangi. Hakuinamia meza miaka yote ile ili watu watazame. Alitaka watu wale chakula."

"Nitaitunza vizuri."

"Sijasema hutaitunza."

Nikalipa, nikaondoka. Wiki hii Nassor amepata ile kazi, mimi nimehamishiwa wodi ya watoto, na kichwani mwangu ni "sijasema hutaitunza" tu. Namjibu nikiwa ndani ya basi, namjibu nikitandika vitanda. Namwambia: mzee wangu, mimi natoka Mambrui. Kwetu kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina, na aliyeyapachika hakumnyima mtu chakula, alikuwa akimtukuza maiti wake. Namweleza nyumba za kale za Lamu, zidaka safu juu ya safu, na vyombo vya China vilivyokaa humo ili mgeni ajue ameingia nyumba ya nani. Sahani ikipanda ukutani kwetu imepewa cheo. Haijafukuzwa mezani.

Majibu mazuri yote hayo, na pale mbele yake hakuna hata moja lililonitoka. Limenikaa kooni.

Jana usiku nikamsimulia mama kwenye simu, nikitaka aniunge mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, za bibi yako huzikumbuki? Idi zilikuwa zikishushwa. Tunapakulia biriani, zinaoshwa, zinarudi mahali pake. Wewe ulikuwa bado mdogo."

Nilifurahi mpaka nikainuka kitini. Nikaifungua sahani tena, nikaigeuza. Pembeni mwa mhuri kuna alama ndogo nyeusi ya brashi, ya mwanamke aliyeichora. Huenda ndiye mama yake yule mzee, huenda siye, maana wapakaji walikuwa wengi, lakini nimeipitisha kidole mara nyingi. Waya ninaotundikia una springi, unatoka bila kuumega ukingo. Idi hii inashuka, na biriani napika mwenyewe. Natamani mzee angekuwepo aone.

Ila kuna jambo. Mama alipokuwa akizungumza nilimsikia akihema, naye alikuwa ameketi. Nikamuuliza mguu, akasema uvimbe umepungua. Mara iliyopita pia alisema umepungua. Nimemwandikia Saidi ampeleke Malindi akapimwe presha, hata akikataa. Ujumbe ameusoma tangu asubuhi na hajajibu.