Nilivyojifunza Kufuata Kivuli

Kwa takriban miaka miwili tangu niliponunua kamera yangu ya kwanza, iliyokwisha kutumika, picha zangu za Mombasa zilikuwa zile zile anazorudi nazo kwao kila mgeni: pembe za ndovu za Barabara ya Moi, ukuta wa Fort Jesus, ngamia wa ufukweni. Hazikuwa mbaya, ila hazikuwa na mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, karibu na ngome hiyo ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na sikuwa na hata picha moja ya baraza la nyumba yetu.

Kosa langu kubwa lilikuwa saa. Nilizoea kutoka jua likiwa utosini, na kwa kuwa Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri humulika karibu wima, likaacha mashimo meusi mahali pa macho ya watu na kuzifanya kuta kuwa nyeupe pepepe. Nililaumu lenzi, nikaazima nyingine, mambo yakawa yale yale. Alasiri moja nilijibanza katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu ili kukimbia joto, ndipo nikaona jambo nililolipita tangu utotoni: jua lilipiga sehemu ya juu ya ukuta mweupe wa upande wa pili, na mwanga uliorudi kutoka pale ulikuwa mwororo, ukiingia hadi mlangoni alimoketi mzee mmoja akidarizi kofia. Kila uzi ulionekana. Tangu siku hiyo niliacha kufuata jua.

Sasa huchagua kichochoro kimoja, nikaketi barazani na lenzi moja ya milimita 35, nikangoja watu waingie katika mwanga wenyewe. Hamali na mkokoteni wake, mtoto aliyetumwa dukani, muuza kahawa anayegonganisha vikombe: wote watapita, mradi nisiwe na haraka. Jambo la kiufundi lililonichelewesha ni kwamba kamera hukisia kuwa kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Kwa hiyo kanzu nyeupe ikijaza fremu hutoka na rangi ya majivu, na buibui jeusi hutoka limepauka. Kwa kanzu huongeza mwanga kwa hatua moja hivi, kwa buibui hupunguza. Hata simu hukubali marekebisho hayo, ukigusa kioo na kuvuta alama ya jua juu au chini.

Kuhusu watu, nilifunzwa kwa aibu. Nilimpiga picha kwa mbali mama mmoja anayeuza mahamri, naye akaniona. "Mwanangu, picha hiyo yaenda wapi?" aliniuliza, bila ukali. Sikuwa na jibu. Niliifuta mbele yake, na kesho yake nikarudi bila kamera, nikamwamkia, nikala mahamri kwa mbaazi na kuzungumza naye. Baada ya majuma kadhaa ndiye aliyeniambia nipige mikono yake ikikanda unga, lakini uso asingependa. Nakiri kwamba sharti hilo limenipa ubunifu kuliko mafunzo yoyote niliyopata, kwa sababu lilinilazimisha kuutafuta mtu katika vidole, katika moshi wa karai, katika kivuli kinachopita juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Picha ile niliisafisha studio nikampelekea; kwangu mimi picha isiyorudi kwa mwenyewe ni deni.

Nilipokwenda Lamu nilichukua desturi hizo hizo. Siku ya kwanza sikutoa kamera mkobani, nilitembea tu na kutazama ni saa ngapi kila kichochoro kinapata kivuli, na vya huko ni vyembamba kuliko vyetu, vingine punda aliyebeba mizigo akipita itakubidi ujibanze mlangoni. Kilichonisumbua ni unyevu. Chumba changu kilikuwa na kiyoyozi, na kila nilipotoka alfajiri lenzi ilijaa ukungu, nikakosa mwanga wa kwanza, ambao huku kwetu haukai. Dawa yake ni kuuacha mkoba nje ya ubaridi huo nusu saa kabla, ukiwa umefungwa. Mrusho wa maji ya bahari nao hufutwa mapema kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kwani chumvi ikishakauka hukwaruza kioo.

Ile picha ya baraza letu niliipiga mwezi uliopita, saa kumi na moja jioni. Hamna mtu ndani yake, ni kandambili za mama tu, na dele la kahawa lililoegemea ukuta. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza mbona sikufagia kwanza.