Injini Chini ya Kiti

Asubuhi moja minivani yetu, ya viti 8, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi, ilianza kumisi, yaani injini ilikuwa inaruka baadhi ya mipigo. Ikisimama huku inaunguruma, ilitetemeka mpaka usukani. Ikipanda mlima, ilikosa nguvu. Nilikuwa nimeshashika simu kumpigia fundi, dada yangu mkubwa akanizuia.

“Ngoja kwanza. Nyanyua kiti cha dereva tuone.”

Injini yake imekaa chini ya viti vya mbele, na wengi huliogopa jambo hilo. Tulifungua vibanio, tukakilaza kiti nyuma, pakawa wazi: silinda 4, plagi (zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta) zimepangwa juu kwa mstari, mtu anazifikia akiwa amesimama mlangoni. Magari kadhaa yenye boneti niliyowahi kuyachungulia hayatoi nafasi kama ile, na hapo ndipo nilipoanza kulipenda gari hili kwa dhati.

Dada alitaka injini ipoe kabisa. Kichwa cha injini hiyo, sehemu ya juu plagi zinapofungwa, ni cha alumini, na ukifungua plagi kikiwa cha moto, meno ya skrubu huharibika kirahisi. Tulipochomoa waya wa plagi ya tatu, mpira wake ulitoka umelowa oili, umevimba, na shimo lote la plagi limejaa. Sili, mpira wa kuzuia oili, iliyo kwenye kava ya vavu, kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imekakamaa kwa joto la miaka, ikawa inapitisha oili. Umeme, badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, ulikuwa unatorokea pembeni kupitia mpira ule ulioharibika. Basi. Ndani ya injini kwenyewe hapakuwa na ubovu wowote.

Tuliinyonya oili ile kwa bomba la sindano, tukamalizia kwa kitambaa, ndipo tukafungua plagi, isije ikatiririkia ndani ya silinda. Kava ikatoka. Tulibadilisha sili zote pamoja na gasketi yake, maana zote zina umri mmoja. Ukibadilisha moja tu, utarudi kufungua tena. Waya nao tukaweka mpya. Plagi nilizianza kwa vidole, spana ikafuata mwishoni.

Dada akawasha. Usukani ulitulia kabisa.

“Umeiona filta ya oili?” akaniuliza.

Niliinama nikaiona, mahali ambapo mkono unafika bila kuhangaika. Oili ilikuwa vuguvugu, nayo ikiwa hivyo hutoka upesi, kwa hiyo tukaimwaga jioni ileile.